Njia Sita za Mama Birika

Haya, mmeshinda. Wiki nzima mnanigongea mlango: bibi, andika habari za Mama Birika, wewe ndiye uliyemjua. Kama vile ninyi hamna mikono! Waliosoma wamejaa mtaani, yupo hata mmoja mwenye diploma ya uandishi, lakini yeye anaandika matangazo ya kuuza vitanda. Mimi nilisoma madarasa matatu, na la tatu sikulimaliza. Basi nitaandika nipendavyo, na atakayetaka kunisahihisha herufi aje kwanza anioneshe za kwake.

Mama Birika alikuwa mpika chai wa Bunge. Miaka ishirini na miwili alimimina, na hakuna mheshimiwa asiyemjua, ingawa hakuna aliyejua jina lake. Yeye aliwajua vizuri zaidi. Alimjua anayelia mbele ya wapiga kura kwamba ana kisukari, kisha anatia vijiko vinne. Alimjua anayekunywa chai ya rangi waandishi wa habari wakiwepo, na ya maziwa wakitoka. Ukutani kantini palikuwa na kisanduku cha sauti cha kusikilizia mambo ya ukumbini. Waheshimiwa walikipunguza ili wasikie mpira kwenye televisheni. Mama Birika akipita na kitambaa cha kufutia vumbi alikiongeza. Kwa hiyo alisikia hotuba za miaka ishirini na miwili, na nyingine alisikia peke yake.

Nyumbani aliishi na wifi yake, mjane wa marehemu kaka yake. Mtaa wetu na zahanati vimetenganishwa na barabara kuu ya njia sita. Mwaka juzi gari lilimgonga wifi mtu, likamvunja nyonga, na halikupunguza hata mwendo. Tangu hapo anatembea kwa magongo, na kila Jumanne na Ijumaa lazima avuke akanyooshwe. Daktari alimwambia wazi: ukikosa mazoezi mguu utakakamaa, na ukikakamaa basi tena. Sasa mwenye magongo avuke vipi njia sita? Siku nyingine alisimama pembeni mpaka zahanati ikafungwa, akageuza.

Asubuhi ya siku ninayoisema, wifi alikuwa anafunga kiatu.

"Wewe si unakaa na wenye nchi?"

"Sikai nao. Nawamiminia."

"Basi wamiminie na akili kidogo. Daraja la kuvukia kwa miguu tu, hatujaomba la kwenda mbinguni."

"Leo hoja inasomwa."

"Mara ya ngapi hii?"

"Ya nne."

"Mh! Hata ingekuwa mimba ya tembo, sasa tungekuwa tunalea."

Wifi alisema kweli. Mbunge wetu, tunayemwita Mwalimu kwa kazi yake ya zamani, alikuwa ameileta hoja ya daraja mara tatu, na mara zote tatu ikaahirishwa kwa kukosa akidi. Akidi ni vichwa vya kutosha. Vinatakiwa hamsini, visipotimia, kura haipigwi. Na leo ilikuwa siku ya mwisho kabla ya Bunge kufungwa. Hoja isiyopigiwa kura leo inakufa, na hoja iliyokufa haina matanga.

Saa tisa mchana Mwalimu akasimama kusoma. Mama Birika akachungulia kwenye kioo cha mlango. Ukumbini mlikuwa na watu ishirini na wanane na makoti mengi. Ndiyo, makoti. Mheshimiwa akitaka kwenda kantini alikivisha kiti koti, ionekane yupo karibu. Yuko mmoja anaitwa Mheshimiwa Taarifa, kwa kupenda kukatiza wenzake; koti lake limehudhuria vikao vingi kuliko yeye mwenyewe, na halijawahi kusema upuuzi.

Spika akaamuru kengele ipigwe. Kengele ya akidi hulia dakika tano. Ikinyamaza, askari hufunga milango, na hakuna anayeingia wala kutoka mpaka kura iishe. Kantini walikuwemo waheshimiwa thelathini, wanatazama mpira.

"Kengele hiyo, waheshimiwa," Mama Birika akasema.

"Inawaita wengine," akajibu Mheshimiwa Taarifa bila kugeuza shingo. "Ongeza maziwa, mama."

Maziwa hakuongeza. Alipanga vikombe, birika na keki zote kwenye kigari chake, akatoka nacho.

"Unatupelekea wapi chai?"

"Leo inanywewa ukumbi wa nyuma. Na keki ziko huko huko."

Ukumbi wa nyuma unafikiwa kwa njia mbili: kuzunguka korido ndefu, au kukatiza katikati ya Bunge. Mama Birika akazunguka na kigari chake. Alipopita tu, shoga yake mfagizi akamwaga ndoo nzima ya maji ya sabuni nyuma yake, akasimama na fagio kama mlinzi wa ikulu.

"Mtateleza, waheshimiwa! Piteni humo ndani, ni karibu."

Nani atakayeacha njia ya karibu? Walipita, mmoja mmoja, wanacheka, midomo tayari kwa keki. Wa mwisho alipotia mguu, kengele ikanyamaza. Askari wa mlango, aliyekunywa chai ya bure miaka tisa, akafunga mbele na nyuma.

Karani akahesabu kwa ncha ya penseli. "Hamsini na wanane, Mheshimiwa Spika. Akidi imetimia."

Mama Birika alisikia hayo kwenye kisanduku cha ukumbi wa nyuma, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kisha akasikia sauti anayoijua.

"Taarifa, Mheshimiwa Spika! Tunapigia kura nini?"

"Daraja, Mheshimiwa."

"Na mlango utafunguliwa lini?"

"Mkishapiga kura."

"Basi mimi naunga mkono! Ila tuongeze maneno manne tu: baada ya kamati kujionea."

Wenye njaa wakapiga meza. Spika akawahoji, ukumbi mzima ukaitika "Ndiyooo!" kwa sauti iliyotikisa vikombe, na mlango ulipofunguka keki hazikumaliza dakika mbili.

"Limepita?" wifi akauliza jioni.

"Limepita. Na maneno manne juu yake."

"Maneno hayo yana nguzo?"

Mama Birika akaenda kuosha miguu.

Wiki ya tatu, siku ya Ijumaa, kamati ikaja kujionea. Pikipiki za polisi mbele, ving'ora, magari kumi na moja meusi, na la mwisho lilimleta Mama Birika na chupa za chai. Kwa usalama wa waheshimiwa polisi wakasimamisha magari yote, huku na huku. Barabara ikawa nyeupe kama sahani iliyolambwa. Na wifi, aliyekuwa pembeni tangu asubuhi, akaona bahati ya mtende. Akatia magongo barabarani.

Mama Birika akaelewa kabla ya wote. "Wifi, rudi! Usivuke!"

"Nirudi? Mwaka na zaidi naingoja barabara hii itulie, leo nirudi? Una wazimu!"

Akavuka taratibu kama bibi harusi, katikati akasimama kufunga kilemba vizuri. Waheshimiwa wakatikisa vichwa kwa furaha. Mheshimiwa Taarifa akamwambia karani, "Andika. Kamati imeshuhudia mlemavu akivuka bila taabu yoyote. Daraja halihitajiki."

"Andika na magari yaliyosimamishwa," Mama Birika akasema.

"Magari hayamo kwenye hadidu za rejea, mama. Mimina chai."

"Na chai haimo."

Akafunga chupa zote, moja baada ya nyingine, akamnyang'anya na kikombe alichokwisha kukishika. Msafara ukaondoka na koo kavu, magari yakarudi kwa fujo zake, na wifi akakaa ng'ambo mpaka jua linazama, hana wa kumrudisha.

Jumatatu Bunge lilimwandikia barua ya kujieleza. Akajieleza kwa kuacha kazi. Sasa Jumanne na Ijumaa anasimama barabarani na aproni yake nyeupe, anasimamisha magari, anatukanwa matusi ambayo hata bungeni hakuyasikia, na wifi anavuka. Nyonga imeanza kulainika.

Lakini njia ni sita. Yeye anashika ya kwanza. Mimi na magoti yangu haya nashika ya pili, tena kwa ubishi tu. Zimebaki nne, na magari huko hayana adabu. Wewe uliyesoma mpaka hapa huna kisingizio kwamba hukuambiwa: Jumanne, saa mbili kamili asubuhi, vaa kitu cheupe, uje ushike njia ya tatu. Na usitume koti.