Ukuta Uliotoka Jasho

Niliisafisha nyumba ya maofisa miaka kumi na mmoja, na mpaka leo naweza kuitembea nimefumba macho. Ni ya matofali, ilijengwa zama za yule malkia mjane wa Waingereza, wakae maofisa wa jeshi lake. Ina ngazi mbili. Ya mbele pana, mbao nyeusi inang'aa, hiyo ya mabwana. Ya nyuma imefichwa ndani ya ukuta, ya watumishi, na mtu mnene kama mimi huipanda ubavuubavu. Kila chumba kina meko yake ya kuotea moto, na dari ziko juu mbinguni, zina maua ya plasta, na buibui wa kwenye maua yale walinitesa mimi! Wakati wangu hapakuwa na ofisa hata mmoja. Palikuwa na makarani na vikombe vyao vya chai.

Chumba kimoja cha chini kilikuwa na ukuta unaotoka jasho. Kila baridi ikija rangi inavimba, inabanduka, nafagia. Wanapaka tena. Nafagia tena.

Nikamhadithia mume wangu. Tulikaa Edmonton, huko huko London, tumekuja baada ya Mapinduzi na mabegi mawili. Kwetu Unguja alikuwa fundi mwashi, mtu wa mawe na chokaa, na baba yake kabla yake. London akawa mpanga maboksi ghalani, mpaka kifua kikamlaza kitandani.

"Wameupiga plasta ya nini?" akaniuliza. "Kaukwaruze kwa ufunguo, uniletee."

Nikaukwaruza. Mtu mzima nimepanda basi na vumbi la Wazungu ndani ya leso! Akalipikicha kwa vidole, akalitia ulimini.

"Saruji!" Utadhani kamuona mwizi. "Matofali yale yamejengwa kwa chokaa, bibie. Chokaa inakunywa maji na inayatoa. Hawa wameuziba ukuta pumzi. Waibandue saruji yote, wapige chokaa iliyolowekwa ikalala miezi, si ya jana na leo. Kamwambie mkubwa wako."

"Mimi? Mshika ufagio nikamfundishe Mzungu nyumba ya babu yake?"

"Humfundishi wewe. Namfundisha mimi."

Nikenda. Mkubwa alikuwa juu ya ngazi pana, mimi chini na ndoo. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu kwenye basi. Akanitazama, yakanikimbia yote. Nikamuamkia, nikapita zangu ngazi ya nyuma.

Jioni nimefika tu, mgonjwa kajiinua kwenye mto. "Wamesemaje?"

"Wamesema wataangalia."

Lilitoka lenyewe. Akatabasamu, na tangu tuje nchi hii sikuwa nimeyaona meno yake. Basi nitalirudisha vipi? Kesho yake kauliza tena, nikaongeza: wanatafuta chokaa. Keshokutwa: wameiloweka.

"Waambie wasifanye pupa," akanambia. "Na ukuta ukikauka, uniletee habari."

Alikufa baridi ile ile. Siku ya tatu nikarudi kazini, nikafagia rangi iliyobanduka.

Sasa mjukuu wangu wa kike ni msanifu majengo. Ndiyo, huyu niliyemlea kwa maandazi, nami nasema kwa sauti anayenuna anune. Nyumba ile imepewa kampuni yao waitengeneze, watu wakae tena. Mwaka jana akanichukua kunionyesha. Tukaingia mlango wa mbele, akanipandisha ngazi pana kwa miguu yangu, mimi niliyeijua kwa magoti na kitambaa. Halafu nikamwambia anishushe kile chumba cha chini.

Ukuta mweupe, mkavu.

"Tumebandua saruji yote, bibi," akasema kwa Kiingereza chake, maana Kiswahili anakisikia tu. "Tumerudisha chokaa."

"Mliiacha ilale?"

Akanikodolea macho. "Miezi mitatu. Umejuaje?"

"Babu yako aliujua ukuta huu. Kitandani, hata kuuona hajauona."

Alifurahi yule mtoto! Akanishika mikono miwili. "Kwa nini hamkuwaambia?"

"Alinituma niwaambie."

"Wakasemaje?"

Sauti ya babu yake ile ile. Nikaweka kiganja ukutani, nikakiacha hapo.

"Sikuwaambia, mama," nikasema. "Sikuwaambia."