Aliyeikaza Shingo Yangu

Kutoka Morogoro hadi Itigi nilisafiri nimesimama, kwa sababu kiti changu kwenye behewa la daraja la tatu kilikaliwa na tenga la kuku, na mwenye kuku hakuwa mtu wa kuambiwa neno. Itigi nikangoja lori siku mbili. Lilipopatikana lilikuwa limepakia chumvi, nikapandishwa juu ya magunia. Mkiwa tukasimama kumimina maji kwenye rejeta, upepo ukanijaza vumbi machoni, nami nikaanza kuichukia Singida kabla sijaiona. Nilikuwa na shati moja jeupe na barua ya kuingia masomo ya udresa. Wakati wa Mwingereza, kijana wa darasa langu aliyetaka udaktari hakupewa zaidi ya hapo: kufunga vidonda, kugawa dawa, kutafuta vijidudu vya malaria kwenye damu.

Mwalimu wetu alikuwa Dresa Mkuu, mtu mfupi, mgongo umepinda, viatu vinang'aa. Bwana Mganga, Mzungu mwenye hospitali, alitusahihishia mitihani tu. Kutufundisha, kututukana na kutuchungulia kucha kulikuwa kazi ya Dresa Mkuu. Mimi, kwa urefu wangu, aliniita Twiga.

Nikiinama kwenye darubini alisimama nyuma yangu akigongagonga meza kwa penseli.

"Twiga, umeviona?"

"Bado, bwana."

"Bado! Mgonjwa ameshazikwa, yeye bado. Umeviona?"

Miezi mitatu ya penseli ile ikatosha. Nilikuwa nikisikia viatu vyake barazani, shingo inakaza kama kamba iliyolowa. Mwishowe sikuweza kuinama kabisa. Niliinua kioo cha darubini, nikapiga magoti, nikachungulia kwa upande kama kuku, wenzangu wakacheka hadi wakamwaga dawa. Mtihani wa darubini ulikuwa karibu, na asiyeona alirudishwa kwao. Kwetu walikuwa wameshaniaga kwa pilau.

Mpishi wa hospitali ndiye aliyenielekeza Unyambwa, kwa bibi mmoja wa Kinyaturu aliyekuwa akikanda wajawazito na walioangushwa na ng'ombe. Nilimkuta akipepeta mtama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani amekuvaa shingoni?"

Alinilaza kwenye ngozi, akapasha mafuta ya nyonyo, akaanza. Vidole vyake vilikuwa vigumu kama mizizi. Havikubembeleza, viliingia chini ya mfupa wa bega, vikangoja pale hadi nyama ichoke kubishana. Nililia bila aibu. Niliporudi niligeuza kichwa kuwatazama punda njiani, kushoto na kulia, kwa furaha tu ya kugeuza.

Lakini kila viatu vilipolia barazani, shingo ilikaza tena. Mara ya tatu bibi akafuta mikono.

"Mimi nafungua, yeye anafunga. Tutashindana mpaka lini, mjukuu wangu? Mlete. Aliyekukaza ndiye akushike kichwa nikikukanda. Ndivyo ninavyokanda mimi."

"Huyo haji, bibi. Huyo ni nyoka."

"Basi mlete nyoka."

Sikuwa na haja ya kumwita. Harufu ya mafuta ilinitangulia darasani. Dresa Mkuu alinusa kola yangu mbele ya watu wote. "Kumbe Twiga anatibiwa vibandani!" Sheria ilikataza. Nilipobaki naye peke yangu nikamwambia kwa hasira maneno ya bibi kama yalivyo, nikijua atanifukuza. Akaufunga mlango. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, "Na mgongo, anauweza?"

Jumapili tukaenda, yeye mbele, mimi nyuma. Bibi alimtazama tu alivyotembea, akamlaza yeye kwanza. Mimi nikaambiwa nishike kichwa. Kilikuwa kizito, na nywele zilikuwa zimeanza mvi. Bibi alipofika kiunoni, Dresa Mkuu aliguna, akanung'unika kwamba miaka kumi na minane anainamia vitanda na hakuna Mzungu aliyemuuliza anaumwa wapi. Kisha akasinzia mikononi mwangu, mate yakinidondokea.

Sikumhurumia. Nilifikiri: sasa nimekupata.

Alipoamka aliniona ninavyotabasamu. Akavaa viatu. "Mkande huyo siku nyingine," akamwambia bibi, akaondoka. Kichwa changu hakikushikwa na mtu.

Kesho yake akanishitaki kwa Bwana Mganga, kwamba natoroka kwenda kwa waganga wa kienyeji. Nadhani alitaka kuniwahi. Ningeweza kukubali kosa langu na kunyamaza. Nikasema, "Na yeye pia, bwana. Mnuse mgongo."

Bwana Mganga akamnusa. Hakumfukuza yeyote, alihitaji mikono. Alimtuma tarishi kwa jumbe, na jumbe akamkataza bibi kugusa mtu yeyote wa hospitali, au atafungwa.

Siku ya mtihani Bwana Mganga mwenyewe alisimamia. Dresa Mkuu alisimama mlangoni, bila penseli. Haikusaidia. Nilisikia viatu vyake vikifika tu, shingo ikawa mti. Niliinua kioo, nikapiga magoti. Hakuna aliyecheka. Sikuona kitu.

Nikafunga sanduku asubuhi iliyofuata. Dresa Mkuu alikuwa barazani, amepinda kuliko nilivyomkuta.

"Umefurahi sasa?" nikamwuliza.

"Wewe je, Twiga?" akajibu.

Lori lilikuwa la mchana, nikapita Unyambwa kwanza. Bibi alikuwa akipepeta.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kuaga."

"Marahaba. Simama hapo hapo. Nimekatazwa."

"Mimi si mtu wa hospitali tena, bibi. Wamenirudisha."

Akaniangalia shingo kwa muda mrefu, akaangalia mikono yake iliyojaa makapi. Nikangoja auweke chini ungo. Hakuuweka.

"Nenda salama, mjukuu wangu," akasema, akaendelea kupepeta.

Tangu siku ile nimeishi katika miji mingi, na katika yote nikiitwa na mtu nyuma yangu, hugeuka mwili mzima.