Turbo Siku ya Arusi ya Shemeji

Gari langu la zamani, lile jeupe lenye taa za mviringo, lilizaliwa kabla yangu. Nililinunua kwa padri mstaafu wa Kamembe, nikalipenda kupita kiasi. Lakini kila nikirudi kutoka Bugarama, mlimani malori ya saruji yalinipita, na madereva wake wakanipungia mkono wa pole. Siku injini ilipokufa kabisa karibu na Nyakarenzo, mke wangu alisema sasa tununue gari la watu. Mimi nikaenda kumtafuta fundi.

Fundi alitoka Bukavu, mtu mwembamba aliyeanza kucheka kabla ya kusema. Alinipatia injini ya dizeli yenye turbo, iliyotolewa kwenye minibasi iliyopata ajali. Ilikuwa mpya mno kwa gari lile, na ndefu mno pia. Ilibidi akate vishikio na kuvichomelea upya, asogeze rejeta mbele, afupishe shafti. Boneti ilikataa kufunga, akaiinua kidogo katikati. Nilipomwambia breki tuziache kwa kuwa bado nzima, kicheko kilimwisha.

"Moteri hii na fren ya zamani? Hapana, Papa. Sitaki kuja ku kilio yako."

Breki tukabadilisha.

Wiki hiyohiyo mdogo wa mke wangu alikuwa anaolewa. Kwao ni Gitambi, kanisa liko Kamembe, na familia iliamua bibi arusi apande gari la kizamani, kwa ajili ya picha. Dereva ni mimi. Yeye kakaa nyuma peke yake, shela limejaa hadi dirishani. Gari lililotufuata lilikuwa la shangazi yake, kisha msafara wote.

Mlima ulipoanza, nilikanyaga mafuta kama nilivyozoea, yaani kwa nguvu zote. Turbo ikapiga mluzi, viti vikatusukuma mgongoni.

"Shemeji, hiyo ni nini?"

"Turbo."

"Ongeza kidogo."

Nikaongeza. Nilipotazama kioo, msafara haukuwapo.

Kanisani tulimkuta mama mmoja akifagia. Bibi arusi alibaki garini, akavua viatu, akanyoosha miguu.

"Tangu asubuhi hakuna muntu ameniuliza kama nimekula," akasema.

Nikamnunulia maandazi na chai, nikamfunika gauni kwa koti langu. Akala bila haraka, huku akinieleza kwamba anaogopa: yeye hupenda kuongea usiku, na mwenzake husinzia mapema kama kuku. Nikamwambia dada yake naye huongea, na mimi husinzia, na bado tupo. Alicheka hadi chai ikampalia.

Bwana arusi akafika katikati ya kikohozi hicho. Akatazama makombo shavuni mwa mchumba wake, akaomba andazi moja, akaingia akakaa karibu naye. Mimi nikashuka kuwaachia nafasi.

Ndipo msafara ukaingia, honi zote kwa pamoja. Shangazi aliteremka gari halijasimama vizuri.

"Umetuibia bibi arusi, wewe!"

Baada ya misa bwana arusi aliniomba ufunguo. Wakaenda ziwani kupiga picha wao wenyewe, mluzi ukasikika hadi kwenye kona. Mimi nilipanda gari la shangazi, na njia nzima alinifundisha namna ya kuendesha.