Nafasi ya Ishirini na Nne

Kilichomponza Marlys Tvedt ni adabu. Sisemi upumbavu, maana darasani aliwapita watoto waliomaliza sekondari juzi. Wala sisemi uvivu, kwani mwanamke aliyegeuza wazee vitandani miaka ishirini na sita hana mgongo wa mvivu. Ni adabu, tena hizi zetu za magharibi ya Minnesota.

Mimi LaVonne nilikaa dirisha la usajili la chuo chetu cha jamii kwa miaka kumi na tisa. Chuo chenyewe ni majengo matatu ya matofali katikati ya mashamba ya viazisukari. Anakuja mtu yeyote wa wilaya hizi nne: kijana anayetaka kuchomelea vyuma, mama aliyeachwa na mume, mkulima ambaye mgongo umemkatalia. Hatumfukuzi mtu, isipokuwa kwenye kozi ya uuguzi. Hiyo ina nafasi ishirini na nne kwa mwaka, na wilaya nne nzima zinazigombea.

Marlys alikuwa msaidizi wa wauguzi kwenye makao ya wazee. Msaidizi anaosha, analisha, anageuza, lakini dawa hagusi. Baba yake alipokuwa anakufa kwa saratani katika makao hayohayo, alianza kuomba dawa ya maumivu saa nne asubuhi. Muuguzi mwenye funguo alikuwa jengo la pili, akafika saa sita na nusu. Muda wote huo Marlys alikaa kitandani ameushika mkono wa baba yake, na kabati la dawa liko hatua tano tu. Wiki iliyofuata mazishi alikuja dirishani kwangu na viatu vyake vya kazi.

"Nataka kusomea uuguzi," akasema. "Kama si usumbufu."

Alikuwa na miaka arobaini na saba. Mumewe, Duane, nyonga zilimharibikia, na zamu za kazini hazikumpa nafasi, hivyo akawa anachukua somo moja kila muhula. Alianza na anatomia, kwa sababu ndiyo aliyoiogopa kuliko yote. Hilo lilikuwa kosa, na mimi niliyeandika jina lake sikumwonya. Sheria ya kozi ya uuguzi inasema somo la sayansi likipita miaka mitano limekufa, unalirudia upya, kana kwamba mifupa ya binadamu huhama mahali pake. Alipomaliza somo la mwisho, anatomia yake ilikuwa imebakiza miezi minne. Ilikuwa aingie mwaka huo, au arudi mwanzo akiwa na miaka hamsini na miwili.

Aliyoyasoma hakuyafanya siri. Jumapili baada ya kanisa wasaidizi wadogo walijazana jikoni kwake, wakila keki zake na kuulizwa mifupa. Mmoja wao alikuwa Britta Haugen, binti wa miaka ishirini, mcheshi, mwepesi wa kusahau.

"Mama Marlys, huu nao mfupa gani?"

"Wa nyonga, mwanangu. Ndio unaoukalia wenzako wakifanya kazi."

Orodha ya uuguzi ilitoka Julai. Marlys alikuwa wa ishirini na tano, na Britta wa ishirini na sita. Halafu Ijumaa moja mmoja wa wale ishirini na nne akatangaza kwamba anahamia Texas na mumewe. Nafasi ikawa wazi.

Sasa, huku kwetu mtu akikupa kitu, hukipokei mara ya kwanza. Ukialikwa chakula, unasema umeshiba. Ukialikwa tena, unasema usijisumbue. Mara ya tatu ndipo unavuta kiti, tena unakaa ukingoni. Atakayekubali mara ya kwanza watamsema kanisani mpaka msimu wa mavuno. Nimeona kipande cha mwisho cha keki kikikatwa nusu, na nusu ikakatwa nusu, kikabaki chembe, na bado watu arobaini wanaitazama kila mmoja akingoja kubembelezwa. Tunafundishwa hivyo tungali wadogo, na tunaringa nayo.

Mkuu wetu wa udahili, Bi Rochelle Pruitt, alikuwa ametoka Arizona majira ya kuchipua. Mtu mwema, mwepesi, anayekula mchana akiwa amesimama. Mikono yake ilikuwa na mafaili, akaiweka simu kwenye spika.

"Marlys, habari za mchana. Niko na LaVonne hapa ofisini. Imepatikana nafasi moja ya uuguzi na wewe ndiye unayefuata. Unaitaka?"



"Jamani," Marlys akasema. "Mimi mtu mzima sasa. Si kuna vijana wanaoihitaji zaidi?"

Mimi nilikuwa natabasamu. Hiyo ni ya kwanza, nikasema moyoni.

"Kwa hiyo unaiachia?"

"Sipendi kumzibia mtu njia."

"Nashukuru umekuwa wazi, wengine wangenizungusha wiki nzima," Bi Rochelle akasema. "Wikendi njema." Akakata.

Nilikuwa hatua tatu kutoka mezani pake. Angeniuliza tu, "LaVonne, huyu ana maana gani?" ningemwambia mpigie tena, mpigie mara mbili. Hakuniuliza. Na huku kwetu mtu hamkosoi mkubwa wake bila kuulizwa, kwa hiyo nikauchuna. Nilikaa nangoja kubembelezwa niseme, huku yeye anabonyeza namba za Britta Haugen. Britta alisema "Nakubali" kabla sentensi haijaisha. Nilijiambia Marlys atapiga simu mwenyewe. Duane alikuja kunieleza baadaye kwamba mkewe alikaa jikoni mpaka ofisi zote zikafungwa, mkono juu ya simu, akingoja iite, na alipoambiwa apige yeye alisema hawezi kwenda kuomba kitu alichokwisha kukikataa. Jumatatu orodha ikafungwa.

Huwa nasikia watu wakisema mvumilivu hula mbivu. Upuuzi mtupu. Marlys alimwokea Britta keki ya pongezi. Miaka miwili baadaye, Britta alipomaliza, ni Marlys aliyepanda jukwaani kumbandika beji ya uuguzi, na watu wazima wakatoa leso kwa jinsi ilivyopendeza. Mimi nilipiga makofi nikiwachukia wote, na nikaanza na mimi mwenyewe. Dirishani kwangu hakurudi tena.

Mwaka jana mama yangu aliingia makao yale. Nilimkuta Marlys amepiga magoti anamwosha miguu, nywele nyeupe kabisa. Mama analalamika mguu unamuuma, na Marlys anamwambia, "Vumilia kidogo, bibi, Britta anakuja na funguo." Nilishindwa kujizuia.

"Marlys," nikasema, "siku ile ya simu nilikuwepo. Nilijua unataka. Ningeweza kumwambia akupigie tena, sikusema."

Aliendelea kukausha vidole vya mama, kimoja kimoja.

"Najua ulikuwepo," akasema. "Alinitajia jina lako."

"Basi kwa nini hukunilaumu hata siku moja?"

"Nikulaumu nini, LaVonne? Angekuwa peke yake ningekubali palepale. Mtu wa Arizona, angejua nini? Neno lilikuwa limenifika mdomoni." Akamvalisha mama soksi. "Lakini nilisikia na wewe upo. Nikaona haya."