Injini ya Shomari Ilipoanza Kugonga

Kuna siku moja, mwanangu, naikumbuka kila nikimsikia mtu anatoa jibu upesi. Nilikuwa msichana wa gereji. Usinitazame hivyo, bibi yako huyu alivaa ovaroli la kukunja mikono mara mbili, akanuka dizeli hata siku za sikukuu. Gereji yetu ilikuwa Kiwalani, uwanja wa mchanga wenye uzio wa mabati, na mwenyewe aliitwa Mzee Nachuma, Mmwera wa Lindi, mtu wa maneno machache na kikohozi kirefu.

Nilikuwa na kijana mwenzangu pale, Shomari. Alishasaidia kufunga injini nyingi, lakini ya pikapu ya Mama Upendo ndiyo ya kwanza aliyoachiwa peke yake, kuanzia kranki, ule mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni, hadi kifuniko cha juu. Mama Upendo aliuza makochi na vitanda Keko, na pikapu ile ndiyo iliyokuwa miguu ya biashara yake. Shomari aliifunga injini ile taratibu, kila bolti akiipangusa kama kijiko cha mgeni. Ilipowashwa ikanguruma vizuri, tukampongeza, mama akaondoka nayo. Wiki haikuisha akarudi, na mimi niliisikia gari kabla sijaiona. Ko, ko, ko, ko.

Mama Upendo hakugombana. Alishuka, akaegemea mlango, akasema, "Mie nawaheshimu, lakini injini ikishushwa mara ya pili, navuta gari langu naenda kwa mafundi wa Kipawa." Shomari naye alijua yake. Kwa Mzee Nachuma, fundi ambaye injini yake ilishushwa tena kwa uzembe alirudishwa kuosha vyuma kwenye beseni la dizeli, na hakuna aliyemwambia ataosha mpaka lini.

Basi gereji ikageuka baraza. Fundi umeme alikuwa na jibu, na hata fundi rangi, ambaye sidhani kama alishawahi kushika pistoni, naye alikuwa nalo. Wengi walisema ni bering ya kongorodi, ule mkono wa chuma unaounganisha pistoni na kranki, na kama ni hiyo basi injini yote inafunguliwa. Walisema kwa uhakika wa kuudhi. Watu wa namna hiyo wananichosha hadi leo.

Aliyenishtua ni Shomari. Alimwendea Mzee, mikono kaiweka nyuma, akasema, "Mzee, nitakuwa sikukaza bolti za kongorodi. Tuishushe tu, nimekubali."

Mzee akamuuliza kama anakumbuka kuziacha bila kuzikaza. Shomari akasema hakumbuki, ila tangu asikie ule mlio, kila akifikiria anaiona spana iko juu ya benchi badala ya mkononi mwake.

Mzee alikuwa na utaratibu ambao sijauona kwingine. Aliyefunga injini haruhusiwi kuisikiliza ikiugua, kwa sababu, alisema, mtu husikia kile anachokiogopa. Shomari akawekwa pembeni, kazi yake kupokeza spana na kunyamaza. Mimi nikaitwa.

"Usiniambie ni nini," Mzee akasema. "Niambie mlio uko wapi."

Nilifurahi sana, kusema kweli, maana udadisi nimezaliwa nao. Nikachukua bisibisi ndefu, ncha nikaigusisha kwenye chuma, mpini nikauweka sikioni. Chini, kwenye sampo inapokaa oili, mlio ulikuwa hafifu. Juu ulikuwa mkali. Nikakaribia, nikarudi, nikasikiliza tena, nikasahau kabisa kuwa watu wananitazama. Kisha Mzee akaniambia nilegeze nati za paipu za dizeli, moja baada ya nyingine, injini ikiunguruma taratibu. Kila silinda ina nati yake, na ukiilegeza, silinda ile inakosa dizeli, inaacha kufanya kazi. Nilipolegeza ya kwanza, mlio ulikuwepo. Ya pili, upo. Nilipolegeza ya tatu injini ikachechemea, na mlio ukakatika.

Baraza likasema limeshinda, kongorodi ya tatu hiyo. Shomari akaiweka spana chini.

Mzee akakohoa weee, mpaka tukadhani amesahau alilotaka kusema. "Nyumba tumeijua," akasema. "Mpangaji bado."

Akatueleza. Kongorodi yenye bering iliyolegea hunyamaza ukiikatia dizeli. Nozeli mbovu, kile kidude kinachopuliza dizeli ndani ya silinda, nayo hunyamaza vilevile. Basi tuichomoe nozeli ya tatu tuipeleke silinda ya kwanza, na ya kwanza ije tatu. Bering haina miguu. Kama ni yenyewe, mlio utabaki pale pale. Kama ni nozeli, mlio utahama nayo. Nilisisimka mwili mzima. Sikujua kama chuma kinaweza kuulizwa swali kikajibu.

Tukabadilisha, tukawasha. Mlio upo. Mama Upendo akasogea, mikono kifuani. Nikalegeza nati ya tatu, ukaendelea kugonga. Nikalegeza ya kwanza. Kimya.

Nozeli zile hazikuwa kazi ya Shomari. Zilikuwa za zamani, fundi wa pampu za dizeli, tuliyempelekea wakati injini inafungwa, alizisafisha tu na kuzirudisha. Tulimpelekea tena, akazipima kwenye mashine yake. Nyingine zilitoa ukungu mwembamba. Hii yenye mlio ilikojoa, ndivyo tunavyosema gereji, mchirizi mzito wa dizeli. Ikafungwa nyingine, pikapu ikatulia, na Mama Upendo akaondoka haraka kwa sababu alikuwa na vitanda vya kupeleka.

Shomari alikuwa amekaa juu ya tairi, analia wazi wazi. Nilidhani ni furaha. Mzee akakaa kando yake.

"Ulikuwa tayari kula kiapo kwa kosa ambalo hukulifanya," akamwambia. "Hilo ndilo limenitisha leo, mlio haukunitisha." Kisha akaongeza, "Kesho inaletwa injini ya lori. Utaifunga wewe."

Mwanangu, kuna siku kitu chako kitagonga. Itakuwa ndoa, au mtoto, au mwili wako mwenyewe. Watakuja wenye majibu, na mwenye sauti kubwa kuliko wote huenda akawa woga wako. Usimkubalie. Uliza kwanza mlio uko wapi, unakuja lini, unanyamaza lini. Hamisha kitu kimoja tu, kisha usikilize tena. Ukikuta kosa ni lako, libebe bila kulalamika. Lakini usilibebe kabla hujalitazama, maana moyo ukiogopa hukutengenezea hata kumbukumbu za mambo ambayo mikono yako haikufanya.

Mungu akupe sikio lenye subira na swali zuri kila unapohitaji. Na siku utakapokuwa umekaa juu ya tairi lako unalia, akuletee mtu wa kukaa kando yako ambaye alisikiliza kwanza.