Kifaru cha Muuza Tofu

Muuza tofu, ile jibini laini ya soya, wa mtaa wetu hapa Shizuoka hununua vifaru vya vita vya plastiki vya kuunganisha, ila karatasi ya maelekezo haisomi. Anatufungia tofu nayo. Vidole vyake vilivyolainika kwa maji huinua mzinga mwembamba kama njiti vilevile anavyoinua tofu, huku mdomo ukinguruma kama injini na mate yakiruka. Safari hii alikifungisha kifaru ndoa na katapila, akawabandikia mkia wa helikopta. Jana, rangi ilipokauka, alikiweka kwenye kaunta.

“Kinaruka, kinachimba, kinavuka mto,” akatutambia. “Jeshi gani linacho?”

Bi Kiyono, mteja wake wa kila asubuhi, akavaa miwani, akakikagua pande zote. “Na dereva anaingilia wapi, baba?”

Dereva, kisanamu cha plastiki, yumo ndani, sote tulimwona akipakwa rangi hadi nyusi, na kila upande umepigwa gundi. Muuza tofu akacheka mpaka akashikilia ndoo. Leo nimemkuta ameinama, anakigonga kifaru kwa ukucha.

“Vumilia, kijana,” anamnong’oneza dereva. “Nimeshaagiza kifaru kingine. Tunachukua mlango tu.”