Pasi Isiyo na Moshi

Baba wa msichana niliyemtaka alisimama mlangoni mwa duka langu, akachungulia ndani, akasema duka hili ni baridi. Hakuwa akisema habari ya hewa. Garissa hatuna hewa ya baridi, na chini ya paa langu la mabati ungeweza kukaanga yai. Alimaanisha kwamba sina wateja, na asiye na wateja hapewi binti.

"Idi ikifika nikute duka liko hivihivi," akaniambia, "binti yangu anakwenda Wajir. Kuna mtu wa Griftu, kulekule, anamtaka, ana ngamia, na ngamia hawangoji makaa."

"Sawa, adeer," nikajibu kwa heshima zote, kwa maana ndivyo tunavyowaita wazee wa rika la baba zetu. Alipotokomea nikalipiga beseni teke.

Nilikuwa dobi. Watu wetu, Wasomali, hawakuelewa kabisa kazi hiyo. Mwanamume mzima anafua nguo za wanaume wengine? Lakini makarani, walimu na askari waliotoka bara walitaka suruali za kaki zenye mstari ulionyooka, na mimi ndiye niliyejua kuunyoosha. Msichana mwenyewe akipita kwenda kuchota maji aliniuliza, "Dobi, leo umefua nini, mikono?" Nilimpenda sana, nasema wazi, na mpaka alipofika kona nilikuwa bado natafuta la kumjibu.

Basi, baridi ile ya duka ilitoka wapi? Ilitoka kwenye makaa. Hiyo ilikuwa miaka ya vita vya shifta, serikali ikipigana na waasi porini. Wachoma makaa walizuiwa kuvuka mpaka wa mji kwenda porini, na gunia la makaa likawa kitu cha kuhadithiwa. Kidogo kilichopatikana kilikwenda majikoni, na mimi si mtu wa kumwomba mama wa watoto makaa yake nikanyooshee suruali ya karani. Pasi yangu ya makaa ikakaa mezani imefunga mdomo. Wateja wakaanza kulaza suruali chini ya godoro na kuzilalia.

Jirani yangu, muuza sukari na majani ya chai, alikuwa na umeme. Ulitoka kwenye jenereta ya bomani, waya ukapita juu ya vibaraza mpaka kwake, akawasha taa moja akajiona sultani. Siku moja nikaitazama taa ile nikajiambia, kinachotoa mwanga kinatoa na joto. Nilishasikia kwamba Nairobi ziko pasi zinazokula waya badala ya makaa. Nikaamua niagize.

Sasa, mimi, kama Wasomali wengi, na herufi ya p hatujawahi kupatana. Kuiandika naweza, kuitamka, mpaka leo ulimi unagoma. Nikamwendea dereva wa lori, Mkamba mmoja mcheshi aliyekuwa akija na msafara unaolindwa na askari.

"Ukirudi Nairobi," nikamwambia, "niletee basi ya umeme."

Akanitazama. "Basi?"

"Ndiyo. Ya umeme. Ndogo tu, ya kuweka dukani."

"Ndugu yangu, hata Nairobi kwenyewe mabasi yanakunywa dizeli. Na hilo dogo litabeba abiria gani?"

"Suruali," nikasema. "Suruali za makarani."

Watu waliokuwa wakishusha mizigo wakaiacha chini ili wacheke vizuri. Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Nikamshika dereva shati, nikalivuta pindo lake mpaka juu ya boneti, nikapitisha kiganja mbele na nyuma, mbele na nyuma, huku nikipuliza kama mvuke.

"Aa! Pasi."

"Si ndiyo nimesema? Basi."

"Pasi."

"Basi!"

"Basi, basi, yaishe," akasema, akaniahidi ataileta.

Akaileta kweli, Ramadhani ikiwa imefika katikati, imeviringishwa ndani ya koti lake la baridi. Chini ilimeta, mpini wake mweusi, na waya mrefu umefungwa kwa kitambaa. Nikatoboa ukuta wa udongo kati yangu na jirani, nikapitisha waya. Tulikuwa tumepatana kwamba Ijumaa nitamnyooshea kanzu yake bure.

Makubaliano hayo yalidumu asubuhi moja. Mita ilikuwa kwake, ndani yake mna kigurudumu, na nilipochomeka pasi kigurudumu kile kikaanza kuzunguka kama mbuzi mwenye kizunguzungu. Jirani akavuta kigoda akakaa mbele yake. Akaacha kuuza sukari. Kila nikianza kola ya shati nasikia kupitia lile tundu, "Zima! Unanimaliza, zima!"

Nilimtukana kimoyomoyo, lakini kelele zake zilinifundisha kazi. Kwa kuwa sikuruhusiwa kuacha moto uwake, ilinibidi nijue kuutumia ukiwa unapoa. Nguo zote nilizinyunyizia maji mapema na kuzipanga. Pasi ikishapata moto kamili nachomoa waya kwenye pasi, naanza na kaki za askari, nguo ngumu zisizoogopa kitu. Ikipungua makali nahamia kwenye mashati ya walimu. Ikiwa vuguvugu namalizia na mitandio ya akina mama, ile laini ambayo ingeungua mwanzoni. Nikipumzika naisimamisha ndani ya blanketi lililokunjwa, joto lisikimbie. Moto mmoja ukatosha lundo zima, kigurudumu kikatulia, na jirani akarudi kwenye sukari yake. Wateja nao wakarudi mmoja mmoja, suruali zao bado zina alama za kamba za kitanda.

Mkesha wa Idi nguo zilijaa mpaka kwenye dirisha. Nilikuwa peke yangu, nimechomoa waya, naimalizia kaki ya mwisho kabla sijaanza mashati, adeer akaingia. Mkononi ana kanzu yake ya sala. Akasimama akinitazama nikisukuma chuma, akainama kutafuta majivu, akanusa.

"Moshi uko wapi?"

"Hii haina moshi, adeer."

"Na makaa?"

"Haitumii. Moto unaingia kwa waya."

Akautazama waya. Ulikuwa unaning'inia ukutani, haukushikana na kitu. Uso wake ukabadilika.

"Umesikia nakuja, ukakusanya nguo za watu ukaanza kuigiza kazi," akasema taratibu. "Ungeniambia huna kitu, ningekuheshimu zaidi."

"Adeer, ni moto. Usiguse."

Lile la usiguse ndilo lililomkera. Mzee aliyekuwa akitia chapa ngamia kabla sijazaliwa, leo anaambiwa na dobi asiguse chuma kisicho na kaa hata moja. Akalaza kiganja chote juu ya pasi.

Hakupiga kelele. Alisema "Subhanallah" kwa sauti ndogo, akauondoa mkono na kuutazama. Nikaleta birika la udhu, nikammiminia maji, yakaisha, nikaleta mengine. Moyoni nilikuwa nimekwisha kumuoza yule msichana kwa mtu wa Griftu, na ngamia wote nimewaona wakipita. Nani anampa binti yake mtu aliyemuunguza mkesha wa Idi? Nilitaka kulia, na nadhani alinigundua.

Akautia mkono ndani ya beseni. Akazitazama kaki. Akayatazama mashati. Kisha akaitazama meza yangu, iliyokuwa fupi, inafika magotini mwake.

"Meza hii iko chini sana," akasema. "Inua. Watoto wataifikia pasi."

"Adeer, hapa hakuna watoto."

Akanitazama kama unavyomtazama mtu mzito wa kuelewa.

"Wajukuu wangu," akasema.

Nikaenda nje nikachukua matofali ya udongo, nikarudi nikaanza kuinua meza mguu mmoja mmoja, yeye akinishikia upande wa pili kwa mkono wake mzima.